Mtu na Imani Yake

Kuna makosa mawili ambayo watu wenye nia njema huyafanya mbele ya imani za wengine. Kosa la kwanza ni la mwenye kiburi. Yeye akimwona mtu anaamini jambo lisiloweza kuonekana kwa jicho wala kupimwa kwa kipimo, humcheka, humwita mjinga, na huona kwamba mtu huyo amepoteza haki ya kusikilizwa. Kosa la pili ni la mwenye woga. Yeye akisikia neno dini limetajwa, huinamisha kichwa, hufunga kinywa, na huona kwamba jambo lolote likiisha kuvikwa joho la imani halipasi kuulizwa tena. Mwenye kiburi hudhani kwamba kudharau ni akili; mwenye woga hudhani kwamba kunyamaza ni heshima.

Mimi nasema kwamba wote wawili wamepotea. Tena nasema zaidi ya hayo: nchi yetu ya Kenya imeyafanya makosa yote mawili, na kila moja imelifanya mahali palipodai kinyume chake. Tumehukumu palipostahili heshima, tukaheshimu palipostahili hukumu. Mizani imo mikononi mwetu, lakini tumeishika juu chini.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Imani isimamayo peke yake ni ile ambayo mwenye nayo hana ushahidi wa kuwaonyesha wengine, wala haoni haja ya kuutafuta. Ameamini kwa sababu alizaliwa akaikuta imani hiyo nyumbani, au kwa sababu siku moja moyo wake ulitulia hapo, naye akaona utulivu huo unamtosha. Imani ya namna hii si mali ya wasiosoma peke yao. Mwalimu wa hesabu anayo, daktari anayo, hakimu anayo. Mtu aliyesoma mpaka macho yakadhoofika aweza kuzikataa dini zote, na bado akaamini, bila ushahidi hata chembe, kwamba kabila lake limepewa akili kuliko makabila mengine. Nyani haoni kundule. Basi kabla hatujamkalia mwenzetu kitako cha hukumu, yafaa kila mmoja wetu akumbuke kwamba naye ana chumba kimoja moyoni mwake ambacho hakijapata kuingia taa.

Hapa msomaji mwerevu ataleta pingamizi. Atasema, "Ikiwa ndivyo, basi sote ni sawa. Mimi mwenyewe sijapata kuipima safari ya dunia kulizunguka jua. Nimeamini kwa kuwa mwalimu amesema na kitabu kimeandika. Nikipewa dawa ya malaria naimeza, nami sijui inafanyaje kazi katika damu. Imani yangu ina tofauti gani na ya yule anayekunywa maji ya mhubiri?"

Pingamizi hili ni zuri, nalo lastahili jibu. Tofauti haimo katika kumwamini mtu. Hakuna awezaye kuishi siku moja bila kumwamini mtu. Tofauti imo katika mlango. Mwalimu aliyekuambia habari za dunia na jua ameuacha mlango wazi: ukitaka kujua, kuna hesabu za kujifunza, kuna darubini za kutazamia, na watu wa kila taifa na kila dini wamezipima hesabu hizo wakapata jibu moja. Dawa uliyopewa imejaribiwa na watu waliotaka kujua kama haifai. Na ile iliyoonekana haifai imeachwa, kama vile klorokwini ilivyoachwa kutumiwa dhidi ya malaria ya kawaida nchini kwetu baada ya vijidudu vya ugonjwa huo kuizoea. Elimu iliyo ya kweli hukubali kusahihishwa. Haikuiti mwasi unapouliza. Kuna imani nyingine, kinyume chake, ambayo swali la kwanza tu huitwa uasi, na mtu anayetaka kutoka huambiwa kwamba nje ya mlango kuna moto. Nalitia neno hili la mlango hapa mwanzo, kwa kuwa tutalihitaji baadaye.

Sasa tuulize: mtu ambaye imani yake husimama peke yake, tunamdai heshima au tunamwia heshima? Jibu langu ni kwamba tunamwia, nayo ni deni lisilokuwa na masharti. Hatumheshimu kwa kuwa imani yake ni kweli, maana pengine si kweli. Tunamheshimu kwa kuwa ni mtu. Utu haukuletwa na hoja, hauwezi kuondolewa na upungufu wa hoja. Mama mzee ambaye hajapata kusoma kitabu, anayesali alfajiri kwa maneno asiyojua maana yake, ana utu sawa na profesa anayejua maana ya kila neno na haombi kabisa. Zaidi ya hayo, imani hiyo hiyo isiyo na ushahidi ndiyo iliyowafanya watu wengi kulea yatima wasio wao, kurudisha mali iliyookotwa, na kustahimili misiba ambayo hoja peke yake haikuweza kuwafariji. Asiyeliona hilo ni kipofu wa aina nyingine.

Historia ya pwani yetu ina mfano mzuri wa deni hili lilivyolipwa. Mwaka 1844 Johann Ludwig Krapf, mhubiri Mkristo aliyezaliwa Ujerumani, alifika katika milki ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Sayyid Said alikuwa Mwislamu. Hakuwa na sababu yoyote ya kuyakubali mafundisho ya mgeni yule, wala hakuyakubali. Lakini alimpa barua kwa maliwali wake, akiwaagiza wampokee na kumsaidia kwa kuwa ni mtu mwema. Krapf akaenda Mombasa, na hapo, katika mwaka huo huo, akafiwa na mke wake na mtoto wao mchanga. Katika mji huo wa Waislamu, kadhi mmoja alimsaidia katika kazi yake ya mwanzo ya kutafsiri sehemu ya kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Tazama jambo hili vizuri. Kadhi hakuacha dini yake, wala Krapf hakuacha yake. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake, katika jambo kubwa kuliko yote, amekosea. Hata hivyo walikaa mkeka mmoja na kufanya kazi. Hiyo ndiyo heshima. Si kukubaliana, bali ni kukosana pasipo kudharauliana.

Kwa kuwa tulirithi mfano kama huo, ni aibu kwamba tumehukumu palipostahili heshima. Katika miaka ya 1920, katika nchi ya Wakikuyu, walizuka watu waitwao Akorino. Waliisoma Biblia kwa namna yao wenyewe, wakajitenga na makanisa ya wamishonari, wakavaa vilemba vyeupe, wakaomba kwa sauti kubwa. Serikali ya kikoloni iliwaona ni hatari. Mwaka 1934 polisi waliwapiga risasi watatu wao katika msitu wa Ndarugu na kuwaua. Kadhalika mwaka 1948 serikali hiyo iliipiga marufuku Dini ya Msambwa kule magharibi, ikamhamisha kiongozi wake, Elijah Masinde, mpaka Lamu, mbali na watu wake. Mkoloni alisema kwamba anazuia ushirikina. Kwa hakika alichokiogopa ni watu waliothubutu kuomba bila idhini yake.

Mkoloni alikwenda zake mwaka 1963, lakini jicho lake tumebaki nalo. Januari 2019 msichana mmoja wa kidato cha kwanza alikataliwa katika shule moja ya sekondari jijini Nairobi kwa sababu ya nywele zake za kusokotwa, alizozifunika kwa kilemba kwa mujibu wa imani ya Rastafari ya nyumbani kwao. Hakuiba, hakutukana, hakukataa kusoma. Alitaka kuingia darasani. Ilipasa kesi ifike Mahakama Kuu, na Septemba 2019 jaji akaamua kwamba Rastafari ni imani yenye kulindwa na Katiba, na kwamba mtoto huyo aachwe asome. Wasichana wa Kiislamu nao wamebishaniwa juu ya hijabu kwa miaka mingi: mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwaruhusu kuivaa pamoja na sare ya shule, na Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi.

Sisemi kwamba sare ya shule haina maana. Ina maana njema: humficha mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini katika kitambaa kimoja. Lakini naomba niambiwe, kilemba cha msichana kimemdhuru nani? Kimemnyima nani chakula? Kimemzuia nani kuuliza swali? Tulimsimamisha mtoto langoni kwa ajili ya kitambaa cha kichwani, tukajiona tumelinda nidhamu. Wakati huo huo, katika upande mwingine wa nchi, watoto wengine walikuwa wanatolewa shuleni kabisa kwa jina la imani, na pale hatukusimama langoni.

Nazungumza juu ya Shakahola. Katika Aprili 2023 polisi waliingia katika msitu wa jina hilo, Kaunti ya Kilifi, wakaanza kufukua makaburi. Walifukua siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi, mpaka miili ikapita 400. Wengi walikuwa wamekufa kwa njaa. Wafuasi wa mhubiri mmoja walikuwa wamefundishwa kwamba wakifunga mpaka kufa watakutana na Yesu. Miongoni mwa waliofukuliwa walikuwamo watoto wengi. Baadhi ya waliookolewa walikuwa wamedhoofu mno, na bado wakakataa kula. Mhubiri na wenzake walifikishwa mbele ya mahakama wakayakana mashtaka. Kazi ya kuamua hatia ya mtu ni ya mahakama, nami siigusi. Ninaloligusa ni letu sisi sote.

Maana jambo lile halikuota usiku mmoja kama uyoga. Miaka kadhaa kabla ya hapo ilijulikana hadharani kwamba mhubiri huyo alikuwa anafundisha kwamba shule ni mbaya na hospitali ni mbaya. Alikuwa amekwisha kukamatwa na kushtakiwa zaidi ya mara moja. Walikuwapo watu waliotoa habari mapema, nao hawakusikilizwa kwa wakati. Sisemi kwamba woga wa kugusa dini ndio pekee uliowaua wale watu. Uzembe ulikuwapo, na uzembe hauna dini. Lakini uzembe ulipata mto laini wa kulalia, nao ni maneno haya tuliyozoea kuyasema: "Hayo ni mambo ya imani ya watu, tusiingilie." Kwa maneno hayo tulimvika mhubiri kilemba cha ukoka na kukiita heshima. Kilemba cha kitambaa kilichokuwa kichwani mwa msichana tulikiona hatari; kilemba cha ukoka kilichowafunika wenye njaa hatukukiona.

Hapa ndipo watu wawili niliowataja mwanzo husimama na kunipinga.

Mwenye kiburi atasema, "Shakahola ndiyo hoja yangu. Imani isiyo na ushahidi huishia huko. Ondoa dini, utaondoa makaburi." Namjibu kwamba hoja yake ina mwendo mfupi. Mamilioni ya watu wa Kenya hufunga kila mwaka, Waislamu katika Ramadhani na Wakristo wengi katika Kwaresima, na jua likitua hula, na watoto wadogo hawafungishwi, na wagonjwa huruhusiwa kula. Kama imani peke yake ndiyo sumu, mbona wote hawa wazima? Tena karne ya 20 iliwaona watawala waliozikataa dini zote, nao wakaua kwa njaa na kwa risasi. Huko Cambodia, kati ya mwaka 1975 na 1979, utawala wa Pol Pot ulipiga vita dini, na watu wapatao milioni moja na nusu au zaidi walikufa. Basi ugonjwa si kumwamini Mungu, na dawa si kutomwamini. Ugonjwa ni fundisho lolote, la mbinguni au la duniani, linalojipa ruhusa ya kumla mtu na kukataza asiulizwe.

Mwenye woga naye atasema, "Wewe ni nani hata uhukumu? Mkoloni naye alisema anahukumu kwa ajili ya faida yetu. Leo ukiiruhusu serikali kupima imani, kesho itaipima yako." Pingamizi hili ni zito kuliko lile la kwanza, nami nalichukua kwa uzito wake. Ni kweli kwamba mwenye rungu akipewa kazi ya kuchagua kati ya imani njema na imani mbaya, huchagua ile inayomsifu. Ndiyo sababu Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 8, inasema kwamba hakuna dini ya serikali, na katika ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira, imani na maoni. Sitaki hata neno moja la ibara hizo lipunguzwe. Lakini Katiba hiyo hiyo ina ibara ya 26 inayolinda uhai, na ibara ya 53 inayompa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, chakula, makao na matibabu, na inayosema kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, faida yake itangulie. Ibara hizi hazigombani. Ya 32 yailinda dhamiri ya mtu mzima. Ya 53 yamlinda mtoto asifanywe kafara ya dhamiri hiyo. Mkoloni hakuwapima Akorino kwa mizani hii. Hakuuliza ni mtoto gani anayeumia. Aliuliza ni amri ya nani inayotiiwa.

Basi mizani ya haki ni ipi? Mimi naona kwamba ina maswali matatu, na hata moja kati ya hayo haliulizi Mungu wa mtu ni nani.

Swali la kwanza: gharama ya imani hii inalipwa na nani? Mtu akijinyima nyama, akiacha pombe, akifuga nywele, akiamka usiku kuomba, gharama analipa yeye. Mwache, mwamkie, umuombe akuombee ukitaka. Lakini gharama ikilipwa na mwingine, sote tuna haki ya kuitazama hesabu.

Swali la pili: huyo anayelipa aweza kukataa? Mtoto wa miaka mitatu hawezi. Hajui maana ya neno milele. Anajua maana ya neno uji. Mgonjwa aliyezimia hawezi. Na hata mtu mzima, akiisha kutengwa na ndugu zake, akauza shamba lake, akawekwa mahali ambapo sauti moja tu ndiyo isemayo, uhuru wake wa kukataa umebaki jina. Watu husema, "Walichagua wenyewe." Njaa ya wiki mbili haichagui.

Swali la tatu: mlango uko wazi? Je, mtu aweza kuuliza asitukanwe? Aweza kutoka asifuatwe? Imani inayojiamini haiogopi mlango. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, akawakosoa Waislamu wenzake kwa mila alizoziona hazina msingi katika dini yao. Hakuwa mgeni aliyewacheka. Alikuwa mwenyeji aliyewapenda. Baadaye akawa Kadhi Mkuu. Dini yake haikuvunjika kwa kuulizwa, bali ilipata nguvu. Imani ambayo hufa ikiulizwa ilikuwa maiti kabla ya swali.

Nimeyasema haya kwa maneno ya sheria na historia, lakini mimi sikuyajifunza huko. Niliyajifunza utotoni kwa jirani.

Tulikuwa na jirani fundi seremala, wa kanisa dogo ambalo waumini wake hawakutumia dawa za hospitali. Alikuwa mwaminifu kiasi kwamba hata waliochoshwa na mahubiri yake walimpelekea mbao zao, kwa kuwa walijua hatapunguza hata ubao mmoja. Masika moja binti yake wa miaka minne alishikwa na homa. Siku ya kwanza waliomba, siku ya pili waliomba, siku ya tatu mtoto akaanza kuweweseka. Mtaa mzima ulijua. Wengine walisema, "Hiyo ni dini yao, tusiingilie." Wengine walisema, "Mwacheni auone mwisho wa ujinga wake." Nilikuwa mdogo, lakini jambo moja halikunipita: wale walioheshimu na wale waliodharau walifika mahali pamoja, maana wote walikaa majumbani mwao, na mtoto alilala pale pale mkekani.

Mama yangu alijifunga leso, akanishika mkono, akaenda kupiga hodi. Alimwamkia fundi kama siku zote, akaketi alipoonyeshwa. Kisha akasema, "Fundi, sikuja kubishana na Mungu wako. Endelea kuomba, nami nitaomba pamoja nawe. Lakini huyu bado hajajichagulia. Nipe nimpeleke zahanati. Kama ni dhambi, iandikwe juu yangu."

Fundi alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Dada, mimi siwezi kumbeba kumpeleka huko. Lakini mlango sikuufunga."

Mama alimwinua mtoto, akambeba mgongoni, tukaenda katika mvua. Ilikuwa malaria. Mtoto alipona. Fundi hakusema kwamba mama alikuwa na haki, wala mama hakumdai neno hilo. Wiki chache baadaye alikuja nyumbani kwetu na kigoda alichokichonga kwa mkono wake, akakiweka mlangoni, akasema kwamba ni cha mama kukalia akipika. Kigoda kile tulikitumia miaka mingi.

Mama hakuisoma Katiba ya mwaka 2010, ilikuwa haijaandikwa. Lakini aliyajua maswali yote matatu. Aliona kwamba gharama inalipwa na mtoto, kwamba mtoto hawezi kukataa, na akaenda kuujaribu mlango. Tena aliyatenda haya bila kumvunjia jirani heshima hata ya chembe, na kwa sababu hiyo mlango ulifunguka. Lau angekwenda na matusi, ungefungwa kwa komeo. Lau asingekwenda, tungezika. Kumheshimu mtu na kuihukumu kazi ya imani yake si njia mbili ambazo lazima uchague moja. Anayemheshimu mtu kweli humjali kiasi cha kumwambia, "Hapa umekosea, na mtoto anaumia."

Vijana mnaosoma kurasa hizi, mtakaa madarasani na vyuoni pamoja na watu wa imani nyingi. Wengine watavaa vilemba, wengine hijabu, wengine misalaba, wengine hawatavaa kitu. Mtasikia mambo ambayo hamtaweza kuyaamini, nanyi mtasema mambo ambayo wengine hawataweza kuyaamini. Msicheke. Kicheko hakijapata kumtoa mtu katika kosa. Humsukuma ndani zaidi, kwa yule asiyemcheka, na mara nyingi huyo ndiye mdanganyifu. Lakini msinyamaze vilevile, pale mnapoona mdogo ananyimwa chakula, dawa, kitabu au swali kwa jina la mbingu. Ulizeni kwa adabu, na mkikosa jibu ulizeni tena. Pelekeni habari kwa mwalimu, kwa mzee, kwa chifu, na asiposikia huyu nendeni kwa mwingine.

Makaburi ya Shakahola hayakuchimbwa na waaminio peke yao. Yalichimbwa pia na ukimya wa majirani, wa viongozi na wa nchi nzima, walioona kwamba kunyamaza ni adabu. Adabu ya namna hiyo tumeilipia kwa watoto wetu. Haifai kununuliwa tena.